Kisu cha Propela Nilichokukataza

Keza,

Mjinga wewe! Nani alikwambia kila mwenye mvi anajua? Mwanamke wa miaka ishirini na sita, muuguzi, unachoma watu wazima sindano na kuwaeleza dawa gani inagombana na dawa gani, halafu boti itakayokubeba baharini unakuja kuniuliza mimi niliyekaa shule miaka mitatu: iwekwe kisu cha kukata kamba, au isiwekwe? Na niliposema isiwekwe, ukaitikia "sawa Bibi" kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Ulipaswa kunibishia! Mambo ya nywele unanibishia wiki nzima. Mambo ya simu unanibishia mpaka presha inapanda. Siku moja tu nilipohitaji mtu wa kunibishia, ukanyamaza.

Haya. Nimeshagomba. Sasa ngoja nikae vizuri niandike.

Wewe na baba yako mmekwenda Cabramatta kununua samaki wakavu na mchele wa safari, na najua mtachelewa, maana baba yako hapiti duka bila kushikashika kila kitu. Nina mchana mzima. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, kule kambini Tanzania, kwenye darasa la akina mama wazima. Kirundi nakisema tu. Mwandiko ni huu huu wa kuku, vumilia.

Sikuandikii habari za kula wala za sweta. Hayo nimeshayasema hadi wewe mwenyewe unayamalizia kabla yangu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo mdomo wangu umeshindwa. Mdomo huu unajua kugomba, haujui kukiri. Na wewe ningekuambia uso kwa uso, ungenikumbatia na kusema "it's okay, Bibi." Siitaki hiyo okay yako. Soma kwanza.

Unakumbuka ile Jumapili Ruth alipokuja hapa St Marys kula na sisi? Boti yake ilikuwa nchi kavu, imepandishwa na kreni ipakwe rangi chini. Alikuja na lile boksi. Akaomba taulo, akalitandika mezani pangu katikati ya maharage na ndizi, akatoa ule mduara wa chuma wenye meno.

Mimi nikasema, "Ametuletea mashine ya kusaga nyama?"

Ukacheka, ukamtafsiria, naye akacheka. Nampenda yule mama, nisidanganye. Mtu aliyekuamini umwogeshe mumewe na kumgeuza kitandani mpaka siku ya mwisho, halafu baada ya msiba hakukusahau, akakuchukua kila wikiendi akakufundisha matanga na usukani, huyo ni mtu. Ila siku ile nilitamani angebaki kwake.

Akaeleza, wewe ukitafsiri nusu na kusahau nusu. Kwamba kisu kinafungwa kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha propela, karibu nayo kabisa. Kwamba baharini kuna mitego ya kaa, kila mtego na kamba yake na boya lake, na kuna kamba zilizokatika zinazotangatanga. Kamba ikijizungusha kwenye propela, injini inazimika, na kama uko karibu na miamba basi upepo ndio utaamua mtakufa au mtapona. Kisu kinaikata kabla haijajifunga.

"Sasa mbona hamjakiweka siku zote?" nikauliza.

Ruth akasema mumewe hakukitaka. Alisema kinapunguza mwendo, kinaisha makali, mkizima injini mkaenda kwa tanga hakikati chochote, na mtu akizama kusafisha boti chini anaweza kukatwa yeye. Nikauliza, mumewe alizama mara ngapi na kisu mkononi kukata kamba? Akanyoosha vidole viwili. Mara mbili, miaka yote ile. Akasema mabaharia wenyewe hawajaelewana, nusu wanasema weka, nusu wanasema acha, na kwa kuwa yeye magoti yamekwisha, atakayezama safari hii yenu wawili ya kwenda Noumea, ng'ambo ya bahari, ni wewe. Basi uamue wewe.

Na wewe, kichwa chako kizuri na elimu yako yote, ukanigeukia. "Bibi ndiye fundi wa kamba."

Ulijua nilisokota kamba kambini. Hilo nilikuwa nakusimulia tangu ukiwa mdogo, kwa majivuno. Na nilivyo na kichwa kikubwa, nikajiweka sawa kwenye kiti kama hakimu. Nikasema: "Boti yenye meno inakula chakula cha watu. Mvuvi ametega mtego wake, amekwenda nyumbani kulala, ninyi mnapita mnakata kamba yake, mtego unabaki chini ya maji unaua kaa bila mtu wa kuwala. Mkitaka kupita baharini, fungueni macho mwone maboya. Kisu ni cha mvivu."

Ruth alipotafsiriwa akaweka mkono kifuani, akasema hakuwahi kuwazia hivyo. Ukaniangalia kwa fahari. Nikajiona mkubwa kuliko nyumba.

Ni mtu mmoja tu mezani ambaye hakuinua macho. Baba yako. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki kwa ule mkono wake wa vidole viwili na kidole gumba, polepole, na mwiba wenyewe ulikuwa umeshatoka zamani.

Kisu kikarudishwa ndani ya boksi, boksi likawekwa juu ya friji yangu. Alhamisi ile boti ikashushwa majini bila kisu.

Sasa sikiliza habari ya mkono wa baba yako.

Wewe umekua ukijua ni vita. Nani alikuambia? Fikiria vizuri. Si mimi, si yeye. Watu walidhani, tukaacha wadhani. Ulipokuwa darasa la nne pale shuleni ukaandika insha ya Kiingereza kuhusu mkono wa baba yako na vita vya Burundi, mwalimu akakubandikia nyota, ukaja nayo unakimbia. Nikaibandika kwenye friji. Ilikaa pale mpaka jua likafuta wino. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa, uongo wangu unaniangalia, na nyota juu yake.

Vita havikugusa hata ukucha wa baba yako. Tulivuka naye mpaka akiwa mgongoni mwangu, mzima kama yai.

Kule kambini tulikuwa tunapewa unga kwenye viroba vya plastiki, vyeupe, na maandishi ya buluu. Kiroba kikiisha unga, mwingine anatengenezea mlango, mwingine anakalia. Mimi nilikuwa navifumua uzi kwa uzi. Ni kazi ya kukaa chini na kuwa na subira, na wengi hawakuiweza. Nasokota nyuzi tatu tatu, nazivuta kwenye mti, nazisokota tena, mpaka inatoka kamba ambayo ungeweza kufungia ng'ombe. Na mwishoni mwa kila kamba nilikuwa napitisha uzi mmoja wa buluu, ili mtu ajue hii ni ya Mama Evarist. Nilikuwa na jina, Keza. Mkimbizi asiye na kitu, lakini nilikuwa na jina. Na wito wangu sokoni ulikuwa huu: "Haiozi, haizami! Haiozi, haizami!"

Ilikuwa kweli. Kamba ya katani inaoza, yangu haikuoza. Na haikuzama. Wavuvi wa ziwani wakaipenda, mchuuzi mmoja wa Kigoma anayeitwa Baraka akawa anakuja kuzichukua kwa mafungu.

Siku moja Baraka akaja bila kucheka. "Mama Evarist, kamba yako inaelea."

"Ndiyo sifa yake."

"Ni sifa ukitupa ndoo. Kwenye wavu ni balaa. Inalala juu ya maji kama nyoka, boti za injini zinaikanyaga. Waambie wanunuzi wafunge jiwe kila pima mbili, ishuke chini."

"Nimwambie mteja bidhaa yangu ina kasoro? We Baraka, umekunywa nini? Anayejua kuvua atajua kufunga jiwe."

"Mama, si wote wanaojua. Wengine ni vijana wa juzi."

"Basi waambie wewe, mdomo unao."

Hakuwaambia. Na yeye alikuwa anauza. Mimi nikaendelea na wito wangu, na siku ile niliuita kwa nguvu zaidi ili anisikie akiondoka.

Baba yako wakati huo ana miaka kumi na tisa. Alikuwa anatoka kambini kwenda kufanya kibarua kwenye boti ya kubeba dagaa, siku nyingine kwa kibali, siku nyingine bila. Mchana mmoja, jua la saa saba, maji yametulia kama chai kwenye sahani, injini ikakohoa ikazima. Kamba imekamata propela. Baba yako ndiye mdogo, akainama nyuma ya boti, injini ikainuliwa kidogo, akaanza kukata kwa kisu cha kumenyea mihogo. Inakatika uzi, inabaki uzi. Nahodha amechoka kungoja, dagaa wake wanaharibika juani. Akauliza, "Tayari?" Mtu akajibu, "Tayari." Aliyejibu hakuwa baba yako. Nahodha akavuta kuwasha, gia ikiwa imeingia. Propela ilizunguka mara moja tu, alisema. Mara moja.

Alirudi siku ya tatu. Mkono umefungwa kwenye shati, umefura. Nikapiga kelele, nikaita majirani, nikalaani ziwa na nahodha na ukoo wa nahodha. Majirani walipoondoka, akafungua mfuko wake kwa mkono mwingine, akatoa kipande cha kamba, akakiweka mapajani mwangu. Mwishoni kuna uzi wa buluu.

Akasema, "Mama, ni kamba nzuri. Kisu kilishindwa."

Maneno hayo tu. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningejua la kufanya, ningemjibu, tungegombana tukamaliza. Mimi nikasimama nikachemsha maji ya kumsafisha kidonda. Kile kipande nikakitia motoni, kikayeyuka na kunuka nyumba nzima, na hakuna aliyeuliza harufu ni ya nini.

Tangu hapo watu wakiuliza mkono una nini, anatikisa kichwa, nao wanasema wenyewe: "Ah, vita." Alikuwa ananilinda. Kambi nzima ilikuwa inajua kamba za nani zinakwenda ziwani, na sisi tulikuwa tunapata sabuni na mafuta kutokana na kamba hizo. Angefungua mdomo ningekwisha. Hakuufungua mpaka leo.

Unadhani niliacha kusokota? Sikuacha. Nilisokota miaka mitatu zaidi, mpaka siku tuliyoitwa kwa ajili ya safari ya kuja huku. Wanunuzi niliwaambia wafunge mawe? Sikuwaambia. Nilichofanya ni kupunguza sauti. "Haiozi, haizami," kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Ndiyo toba yangu yote hiyo.

Kwa hiyo ile Jumapili, Ruth alipotandika kile chuma mezani, mimi sikuona kisu cha boti. Niliona mtu ameketi mbali huko, mwenye akili, amewaza mkono wa mtoto wa mwenzake asiyemjua, akatengeneza kitu ili mkono huo usiende pale. Na mimi niliyemzaa mwenye mkono sikuweza kusema neno "jiwe." Nikataka kiondoke mbele ya macho yangu. Basi nikatafuta hoja, nikaipata nzuri.

Ubaya ni kwamba hoja ile ni ya kweli. Kamba ya mvuvi ni chakula chake, mtego uliokatwa unaua bure. Mpaka leo naamini hivyo. Lakini sikuisema kwa ajili ya wavuvi. Wavuvi nilishawauza zamani. Ukimwona mtu ana jibu la haraka namna ile, tena zuri, tena linampa heshima mezani, mtazame vizuri. Hasa akiwa bibi yako.

Wiki iliyopita baba yako alitoka shifti ya asubuhi, akavua viatu mlangoni, akakaa hapo ulipo sasa unaposoma, kama unasomea mezani.

"Mama. Kisu mbona kiko juu ya friji?"

"Keza ameamua hakitakwenda."

"Keza hakuamua. Wewe umeamua." Halafu akanywa chai yote, akaniacha nifikiri ameshamaliza. "Umwambie ilikuwa kamba ya nani. Au nimwambie mimi."

Miaka karibu thelathini, Keza, ndiyo mara ya kwanza kamba ile kutajwa ndani ya nyumba. Nikamwambia ashike adabu, mimi ni mama yake. Akasema, "Ndiyo, Mama," akaenda kuoga.

Usiku huo sikugusa chakula, na asubuhi nikampigia Mama Njeri, yule muuguzi Mkenya wa Quakers Hill tunayesali naye. Kiingereza chake kinakwenda kama treni. Nikamwomba apige simu pale boti zinapopandishwa, aulize kama boti ya Ruth inaweza kutolewa majini siku moja tu, kifungwe kitu, irudi. Sikumwambia kwa nini. Akapiga. Akanirudia, akiniita Shosho, yaani bibi kwa kwao.

"Shosho, pole. Wamesema kreni imejaa, hakuna nafasi mpaka two weeks."

"Waambie ni bibi mzee anaomba."

"Nimewaambia, Shosho. Wamesema ni sawa, bibi mzee angoje two weeks."

Na ninyi upepo wenu ni wa kesho. Ruth ameuangalia kwenye kompyuta, wewe umeuangalia kwenye simu, umeaga kazini, umerudisha ufunguo wa chumba. Nilimuuliza Mama Njeri kama kuna mtu wa kuzama akakifunge humo humo majini. Wakamwambia cha aina ile lazima shafti iwe kavu. Basi. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa. Maisha yangu yote nimesukuma mambo kwa mdomo: polisi, wagawa unga, mwenye nyumba, mwalimu wako. Hili limegoma. Boti imeshalala majini, na aliyeilaza ni mimi.

Siwezi kukuzuia. Mama yako yuko Adelaide na maisha yake, simsemi. Baba yako hawezi kukukataza kitu. Mimi ningeweza kujitupa chini mlangoni nikalia, umri unaniruhusu, na ungebaki, nakujua. Kisha ungenichukia taratibu kila siku ya upepo mzuri. Mimi maji niliyavuka kwa kufukuzwa, wewe unayavuka kwa kupenda. Sijui hata Noumea iko upande gani. Ulinionyesha kwenye ramani, nikasema "aah," nikatazama kidole chako tu. Vidole vyako kumi.

Usije kunifariji. Ukimaliza kusoma usinipigie kelele kutoka chumbani. Baba yako usimwonee huruma mbele za watu, hapendi. Kama una la kumwambia, mwambie mkiwa mnapakia gari, akiwa ameinama, hapo ndipo anaposikia.

Na siku kisu kikishafungwa, kikakata kamba ya mtu, usijifanye hukusikia. Andika mlikuwa wapi, na mkifika bandarini umtafute mwenye mtego umwambie kwa mdomo wako: nimekata kamba yako. Atakutukana. Simama utukanwe. Mimi sikusimama, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuambia.

Nasikia lango la chini. Huenda ni ninyi, huenda ni yule jirani wa mbwa. Basi nasema la mwisho, na hili si ombi.

Boksi la juu ya friji utaondoka nalo. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua boti gatini, msomee Ruth barua hii kwa Kiingereza, yote, usiruke pale ninapoaibika. Kisha mtafute bandari gani kaskazini, kwenye pwani hii hii, ina kreni, mpige simu, mwandikishe nafasi mkiwa bado mmefungwa hapa. Msivuke kwenda Noumea kabla kisu hicho hakijakaa kwenye shafti, hata upepo uwe mtamu namna gani. Na mpaka siku hiyo, kamba ikikamata, zima injini, chomoa ufunguo, uvae shingoni mwako, ndipo uteremke majini. Usimwachie Ruth mkononi. Usiuweke mezani. Uvae shingoni mwako wewe.